Barua mbili nilizomwandikia mbunge kuhusu ndoa za jinsia moja, nikiwa katibu wa kanisa London

Wakuu, heshima kwenu, pamoja na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuchangia.

Juzi nimepita kwenye uzi mmoja humu kuhusu Wakristo na ndoa za jinsia moja. Kurasa kumi na nne za matusi. Sikuandika kitu. Leo naleta yaliyonikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha kwa sababu wengine bado wapo hai, mengine yote ni kama yalivyotokea, hata yale yanayonitia aibu.

Ilikuwa 2004. Nilikuwa nimeshakaa London miaka sita. Nilienda kusoma, ada ikanishinda, nikaangukia kwenye kazi ya care kama wengi wetu. Unaenda majumbani kwa wazee, unawaogesha, unawapa dawa, unawapashia chakula.

Nilikuwa naishi Walthamstow na mke wangu Neema na binti yetu mdogo.

Jumapili tulisali na ushirika wa Waswahili, watu kama sitini, kwenye ukumbi wa shule wa kukodi. Mchungaji wetu, Pasta Bahati, alikuwa Mkongo wa Bukavu. Mtu mwema kabisa. Binti yetu alipozaliwa kabla ya wakati, Pasta alishinda na sisi hospitali siku tatu.

Na kipindi hicho maombi yetu ya kukaa nchini yalikuwa bado uhamiaji. Wakili alitaka barua ya mchungaji ya kututambulisha, na Pasta alishaahidi kuiandika.

Mimi ndiye nilikuwa katibu wa ushirika.

Sasa, mwaka ule bunge lilikuwa linajadili sheria ya kuwasajili wapenzi wa jinsia moja. Rasmi haikuitwa ndoa, iliitwa civil partnership, ila kanisani kwetu kila mtu alisema ndoa za mashoga na hakukuwa na mjadala. Pasta akaniagiza nimwandikie mbunge kwa niaba ya ushirika, tupinge.

Nikaandika ukurasa mzima. Kuna sentensi moja niliipenda sana, kwamba sheria kama ilivyo sasa haimuumizi mtu yeyote. Pasta aliisoma barua mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Baada ya muda mbunge akajibu kwa adabu kwamba ameuona msimamo wetu.

Wakati naandika barua ile, asubuhi zangu zilikuwa kwa mzee mmoja Mwingereza, Peter, mgonjwa wa kansa. Aliishi na mzee mwenzake, Leonard. Kwenye karatasi za kazi Leonard aliandikwa "rafiki". Nikadhani ni wazee wawili wanaochangia kodi.

Siku ya nne ndiyo nikaelewa kwamba nyumba ile ina kitanda kimoja.

Nilipiga simu ofisini nikaomba nihamishwe. Wakasema hawana mtu mwingine. Nikaendelea kwenda, ila nikapunguza maneno.

Leonard ndiye aliyenifundisha kumgeuza Peter bila kumuumiza nyonga ya kushoto. Alimkata kucha. Alimpozea uji kijiko kwa kijiko. Walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini na saba. Na walikuwa watu wa kanisani, wakuu, hilo ndilo lilinichanganya zaidi. Kabla ya kula Leonard alisali kwa sauti, Peter anaitikia kwa midomo tu. Siku moja nikajisikia na mimi nimesema Amina.

Peter akafa hospitali.

Hakuwa ameacha wosia. Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu, mtoto wa dada yake, anayeishi kaskazini mwa nchi, na Leonard aliniambia hajakanyaga pale miaka kumi na moja. Kisheria mpwa huyo ndiye alikuwa familia. Akaja, akasaini kila kitu, akasafirisha mwili kwao. Alimwambia Leonard kwamba atampigia kumpa siku ya mazishi.

Alhamisi nilipita kumjulia hali. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kiti, suti nyeusi, tai, viatu vimepigwa kiwi, amenyoa ndevu vizuri. Alikuwa anasubiri simu ili ajue apande treni gani.

Nikamwomba namba, nikapiga mimi. Mpwa akaniambia walishazika jana.

Ilibidi nimweleze Leonard. Hakulia. Aliniuliza kama mvua ilinyesha huko, nikasema sijui. Akaanza kufungua tai.

Aisee, sisi tunajua kuzika ni nini. Mtu anasafiri siku mbili kwa basi akamzike hata jirani wa shangazi yake. Narudi nyumbani kwa miguu, ile sentensi yangu inanipiga kichwani. Haimuumizi mtu yeyote. Niliiandika huku kila asubuhi namgeuza Peter, Leonard kashika upande wa pili. Tunafundishwa tusitoe ushahidi wa uongo. Mimi nilikuwa nimeutoa, nikautia saini, nikapigiwa makofi.

Kesho yake nikaenda maktaba kwenye kompyuta za bure. Nikafungua ile barua ya kwanza kutoka kwenye floppy, ile diski bapa ya zamani, nikafuta maneno yote, nikaandika mapya. Nikasema mimi ni Mkristo, nimeoa kanisani, na sioni ndoa yangu inapungukiwa nini serikali ikimwandika Leonard kama mtu wa Peter. Nikasema naunga mkono sheria ipite, na hata siku wakiamua kuiita ndoa, sitapinga. Nikaweka jina langu, nikaituma kwa posta. Neema sikumwambia.

Siku tatu baadaye nikafungua tena ile floppy niandike muhtasari wa kikao cha ushirika. Nikaiona barua.

Maneno nilikuwa nimefuta. Anwani ya juu sikuifuta. Ilikuwa ya nyumbani kwa Pasta, ndiyo tuliyoitumia kama anwani ya ushirika.



Kuanzia hapo sikuwa na raha. Jibu la mbunge lingeangukia mlangoni kwa Pasta, na barua zote za ushirika alizifungua yeye. Nikabadilisha shifti. Nikaanza kwenda kwake asubuhi muda wa posta, leo nimeleta risiti, kesho nimekuja kuchukua kitabu cha nyimbo. Mama Furaha, mke wa Pasta, ananikaribisha chai, mimi masikio yako mlangoni. Kila karatasi ikidondoka, moyo unadondoka nayo.

Wiki ya tatu Mama Furaha akamuuliza Neema kama nyumbani kwetu kuna matatizo, maana naonekana sitaki kukaa kwangu.

Neema akanibana, nikasema yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Tukirudishwa Tanzania, utamwambia mama yangu ni kwa ajili ya mzungu gani?"



Barua ilikuja siku niliyokuwa kazini.

Pasta alinipigia niende kwake. Nilipanda ngazi zile. Nikamkuta sebuleni, bahasha iko mezani, na uso wake wa kawaida kabisa.

"Ndugu Elia, huyu mbunge ametusoma kinyume," akasema. "Anatushukuru eti tunaunga mkono. Umwandikie tena, umweleze muzuri."

Wakuu, nilikuwa nimefunguliwa mlango. Ningesema sawa Pasta, wamechanganya mafaili, nikaenda zangu. Kila kitu kingebaki palepale, ukatibu, barua ya wakili, nafasi ya Neema kwaya. Niliitazama ile bahasha mpaka Pasta akaniuliza kama naumwa.

"Hajakosea, Pasta. Ile barua ya pili ni yangu."

"Yako weye? Juu ya nini?"

Nikamsimulia. Kitanda sikukificha, wala sala, wala ile suti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na siku ile walizika, huyo muzee alikuwa na nani?"

"Peke yake."

Akaichukua bahasha mezani. Halafu akasema, "Bado ile sheria ni mubaya. Na wazee wa kanisa utawaambia weye mwenyewe. Sitakusemea."

Jumapili niliwaambia, wazee watano, baada ya ibada. Walitaka nisimame mbele nitubu. Nikawaambia natubu barua ya kwanza, ya pili siwezi. Nikavuliwa ukatibu palepale. Neema naye akaondolewa kuongoza kwaya, na yeye hakuwa amekosa chochote, hata hakukubaliana na mimi. Hilo liliniuma kuliko langu. Wiki nzima hatukuongea zaidi ya habari za mtoto.

Na wakili anapiga simu, barua ya mchungaji iko wapi? Nililala vibaya karibu mwezi. Kumwomba Pasta niliona haya.

Alikuja mwenyewe. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akanipa bahasha. "Nimeandika kile ninakijua," akasema, akashuka ngazi. Ndani alikuwa amesema anatufahamu, tunafanya kazi, tunalea mtoto vizuri. Mbunge hakutajwa. Mwaka uliofuata tukapewa ruhusa ya kukaa.

Sheria nayo ilikuwa imepita mwisho wa ule mwaka wa 2004. Nilimpelekea Leonard habari. Akasema vizuri kwa vijana.

Nikamuuliza kama angependa kuliona kaburi. Tulienda Jumamosi moja, treni masaa matano kwenda. Asubuhi ile Neema alinipa maandazi kwenye mfuko, akasema, "Mpe na yule mzee."

Kwenye jiwe waliandika jina la Peter, na kwamba alikuwa mjomba mpendwa. Basi. Leonard akaniomba nisali, tena nisali kwa lugha yangu, kwa sababu yeye maneno yamemwishia.

Nikasali kwa Kiswahili. Nilimwombea kama ninavyomwombea mgane yeyote.

Nilichojifunza ni kidogo. Mimi nilikuwa na msimamo mkali kabla sijajua habari za mtu hata mmoja, na uzuri wa Kiingereza changu ukanifanya nidhani nasema kweli. Bado ni Mkristo, nasali kanisa jingine. Neema alibaki kwa Pasta, na tunaishi vizuri tu.

Mnaotaka kunipinga karibuni, nimeshazoea. Ila kabla hujanipa mistari ya Biblia, naomba uniandikie kwanza: Peter anapozikwa, Leonard alipaswa kuwa wapi?