Jina la Shangazi Rehema

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Tooting, huku ughaibuni, mwanangu, enzi hizo nina nywele kichwani na akili sijui niliiacha wapi. Cheka tu. Shule niliishia kidato cha pili.

Nilikuwa nimenunua kigari chekundu. Bima yake, kwa kijana kama mimi, ilikuwa ghali kuliko gari lenyewe. Nikamwendea Shangazi Rehema, aliyenipokea nilipotoka Tanga. Kazi yake kuhudumia wazee majumbani kwao, mabasi mawili kila asubuhi, baridi inamtafuna. Leseni aliipata baada ya kufeli mara nne, akaiweka ndani ya Biblia. Iko siku, alisema, atanunua gari lake, aage kituo cha basi.

"Shangazi, tukuandike wewe main driver, yaani mwenye kuendesha zaidi. Mimi niwe wa pili. Bima itashuka."

"Na nitaendesha lini?"

"Jumapili, tukienda kanisani."

"Jumapili yenyewe unaendesha wewe. Mimi nashika pochi."

Akacheka, akasaini. Kwetu mtoto wa kaka akiomba jina, utamnyimaje?

Haikupita miezi mingi nikagonga gari la mtu kule Kenton, nikienda kazini. Watu wa bima wakapiga simu nyumbani, wakamuuliza Shangazi nani huendesha kila siku. Mimi nimesimama mbele yake nampungia mikono kama refa. Hakunitazama hata.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Kila siku anakwenda nalo kazini."

Wakaona tumewadanganya, bima ikafutwa. Gari la yule mtu nililitengeneza kwa pesa zangu, nilistahili. Lakini jina lililofutiwa bima lilikuwa la Shangazi. Alipotaka kukata bima ya gari lake, kila kampuni ilimuuliza kama amewahi kufutiwa, naye akajibu ukweli. Wengine wakamkataa, wengine wakataja bei ya kumkimbiza. Leseni ikarudi kwenye Biblia.

Hakunifokea. Asubuhi moja, akifunga vifungo vya koti lake la bluu aende kituoni, aliniambia tu, "Nilikuja nchi hii na jina tu, mwanangu. Ulipoliazima, ungelitunza."

Amezikwa Tanga. Leo nina gari zuri, bima ya jina langu, na kiti cha pembeni kitupu. Jumapili nikipita kituo kile napunguza mwendo. Wa nyuma ananipigia honi, nami bado natafuta koti la bluu.

Basi wewe unayenijibu kwa Kiingereza, sikia: anayeendesha ndiye aandikwe. Bima ikikushinda, panda basi, halimvunjii mtu heshima. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Yangu yalionekana Kenton nzima, ila aliyebaki na baridi ni mwenye nguo.

Mungu akujalie gari, mwanangu, na mtu wa kukaa pembeni yako na pochi mapajani. Akujalie na siku ya kumpisha kwenye usukani.