Karatasi ya Juu ya Kitanda

Gundi ya unga wa muhogo ikilowa hutoa harufu ya uji uliochacha. Niliisikia mwezi uliopita chumbani kwa mama, mkononi nina ndoo ya maji ya moto na kitambaa, na papo hapo nikawa tena mtoto wa darasa la tatu mwenye vidole vilivyochubuka. Tangu nirudi nyumbani kutoka chuoni nilikuwa sijalala vizuri siku nne. Mama alitaka kuta zipakwe chokaa kabla wageni hawajaja kunipongeza, na chokaa haishiki juu ya karatasi wala gundi. Kila kitu kilipaswa kutoka. Mimi nilikuwa najiuliza jambo moja tu: mama alijua, au hakujua?

Niwaeleze taratibu, maana mimi jambo dogo huligeuza mara kumi kabla sijalisema.

Nyumba yetu ya kwanza ilisimama peke yake kando ya mashamba ya pamba, upande wa Guta. Mama alibandika magazeti kwenye kuta zake za udongo ili vumbi lisituangukie tukilala. Juu ya kitanda chake alibandika pia barua ya baba. Baba alikuwa amekwenda Musoma kubeba mizigo bandarini. Aliandika barua moja, kisha homa ikamchukua. Mama hakuwa amesoma. Alisema sandukuni kuna mende, lakini cha ukutani unakiona kila siku.

Kila Jumapili tukitoka kanisani nilimsomea. Barua ilisalimu ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, ikamsalimu mjomba, ikauliza habari za mvua. Mimi sikutajwa. Nilikuwa nikifika mwisho nakunja uso kama mtu aliyepigwa na jua.

Ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Balozi wa nyumba kumi alipita akatuambia lori litakuja Alhamisi, na nyumba zitakazobaki zitabomolewa. Mama alikwenda kung'oa mihogo yetu ya mwisho, akaniachia karatasi. Nilowanishe kwa maji baridi, nisubiri, niinue kwa ukucha, kisha nisugue gundi ya nyuma kwa gunzi la mahindi ili panya wasizifuate njiani. Ya baba niitoe mwisho.

Maji baridi yalikuwa mavivu. Gundi ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali, na jua lilikuwa linashuka. Nikakumbuka kwamba maharage yakigoma kuiva, mama hutia magadi. Nikachemsha maji, nikatia magadi konzi nzima. Magazeti yakaanza kushuka kama maganda ya kiazi kilichoiva. Nilijiona fundi mkubwa. Kwa furaha hiyohiyo nikaipitishia kitambaa barua ya baba.

Wino ulitiririka ukutani hadi kwenye kitanda. Niliubana kwa upande wa gauni langu, lakini nilipolitoa, karatasi ilikuwa na rangi ya bluu tu, haina hata neno moja.

Nilichana ukurasa wa daftari, nikachukua kalamu ya wino aliyoiacha baba, nikaiandika upya yote kwa kichwa. Nikaikunjakunja, nikaipaka mabaki ya gundi nyuma, nikaichanganya na nyingine. Ile halisi niliitia motoni. Lakini kabla sijaikunja hiyo mpya nilikuwa nimeongeza mstari mmoja wenye jina langu: Msalimie sana Nyangeta, mwambie namkumbuka.

Jumapili ya kwanza katika nyumba mpya, barua ikiwa imeshabandikwa tena juu ya kitanda, mama alikuwa anachambua maharage. Nilipousoma mstari huo, mikono yake ilisimama.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

Nikarudia. Akaendelea kuchambua. Nilidhani nimeshinda.

Miaka miwili baadaye mama aliingia kisomo cha watu wazima. Jioni alikuwa akipita na kidole juu ya magunia, juu ya makopo, juu ya kila kitu chenye maandishi, na mimi namfuata kwa macho. Siku moja nilimkuta amesimama kitandani, kidole kiko kwenye barua. Jumapili iliyofuata aliniambia nimsomee kama kawaida.

Mwezi uliopita, basi, karatasi hiyo ilikuwa mbele yangu, ya manjano, na maandishi ya mviringo ya mtoto. Ingeweza kutoka vipandevipande na siri ikaishia hapo. Niliweka ndoo chini, nikaenda jikoni, nikasema yote: magadi, kalamu, moto, na mstari wangu.

Mama aliendelea kukoroga chungu.

"Baba yako hakuwaga mtu wa salamu," alisema. "Nilijua siku ileile uliyoniongezea. Nikaona, mtoto ana njaa yake, acha ale."

Nikamwomba anikumbushe maneno ya baba yalivyokuwa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na hakika tena. Akatikisa kichwa. "Yamepotea, mwanangu. Nimesikia yako miaka mingi mno."

Kwa miaka yote nilidhani nimemdanganya mama. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya maneno ya mume wake, naye akanyamaza ili mimi nibaki na baba.

Nilirudi chumbani. Nikamwaga maji ya moto nje, nikachota ya baridi, nikalowanisha pembe ya kwanza ya karatasi, nikakaa chini kusubiri.