Rehani ya Nyimbo za Kutu

Walisema sitaweza. Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika redio ya jamii ya Palma, na diploma yangu ya elektroniki na sauti ikiwa kwapani ndani ya fremu ya kioo, watu waliokaa barazani hapo nje hawakuficha kicheko chao. Mmoja alisema mtoto wa kijiji cha Mute aliyevuka Ruvuma na malapa hawezi kurudi fundi. Mwingine akasema karatasi ya Tanzania haiwashi mashine ya Msumbiji. Nawataja kwa sababu wote wawili waliniletea redio zao kabla mwaka haujaisha, nami nikazitengeneza zikalia.

Elimu yangu niliipata Mtwara, mchana nikifagia karakana ya redio, jioni nikisoma chuo. Sikuwa na mjomba wa kunishika mkono. Fundi Mkuu wa karakana ile alikuwa akinifunga kitambaa machoni, kisha ananipigia spika mbovu nimwambie waya gani umelegea. "Jicho husoma jina la kiwanda," alikuwa akisema. "Sikio halijui kusoma, ndiyo maana haliongopewi." Wenzangu waliona ni mateso. Mimi niliona ni shule ya pili, na nikaifaulu vilevile.

Nilirudi nyumbani miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini. Palma ilijaa magari meupe, wageni wenye kofia ngumu, na vijana kutoka kila upande wakisaka kazi. Mkuu wangu alikuwa Diretor wa redio, mtu nadhifu, mpenda taarifa ya habari na nyimbo za harusi. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ya sufi ukutani ya kumeza mwangwi, na jenereta nyuma ya ukuta. Jenereta ikifanya kazi, umeme wake hupenya kwenye nyaya za gitaa na kutokea spikani kama nyuki aliyefungiwa chupani. Mafundi tunauita mngurumo. Dawa yake ni waya wa ardhi, yaani waya unaozikwa ili umeme usiotakiwa uende zake udongoni. Siku niliyokuwa nachimba shimo la kuuzika, ndipo alipoingia Kutu.

Jina lake hasa ni Anli, mtoto wa kijiji cha Olumbi. Walimwita Kutu kwa sababu ya nyuzi za gitaa lake, ambazo hakuwa na njia ya kuzibadilisha. Alikuwa akiosha sufuria katika jiko la kambi ya gesi ya Afungi, ndani ya uzio, na huko mchomeleaji mmoja mgeni akampa memori kadi iliyojaa muziki wa panki. Kwetu panki lilikuwa jina la mkato wa nywele. Kumbe ni muziki pia, wa gitaa la haraka, sauti ya kukwaruza na hasira isiyo na pambo. Kutu aliuchukua akautia maneno ya kwetu.

"Acha huo waya, Diploma," aliniambia. Hakuwahi kuniita jina jingine.

"Mngurumo utaharibu rekodi."

"Huo ndio noti yangu ya kwanza."

Akakaza uzi mnene mpaka ukalingana sawasawa na jenereta, nao ukuta mzima ukaanza kuimba naye. Nikamwuliza atafanyaje mafuta yakipungua na jenereta ikalegea. "Nitashuka nayo," akasema. Na kweli alishuka nayo. Mwisho wa wimbo ule jenereta ilikuwa inakata roho, na vidole vyake vikaifuata chini hatua kwa hatua, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Nimerekodi watu wengi, wakiwemo waliosomea muziki. Sijapata kumwona mwingine wa kufanya hivyo.

Aliimba, "Wao wamepata gesi, mimi nimepata sufuria," na vijana wa Palma wakaimba naye. Tulirekodi nyimbo zake zote kwenye diski moja, kwa mkono wangu. Hakuwa mtu mwepesi. Alikunywa, aligombana, alivunja gitaa moja kwenye harusi ya watu na kulia juu yake kama amefiwa. Baba yake alikufa hajalisamehe gitaa, na jambo hilo lilimla Kutu kuliko pombe. Lakini akishika uzi hakukosea, akiwa mzima au amelewa.

Diretor alizisikia nyimbo akatikisa kichwa. "Rekodi yenye mngurumo haitoki kwenye redio yangu," akasema. Nilimweleza kuwa mngurumo ni sehemu ya wimbo, na kwamba mimi mwenye diploma ndiye nisemaye. Alinijibu kuwa diploma yangu imo ndani ya bajeti yake. Akapeleka nakala Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, wakaisafisha kwa kompyuta. Ilirudi safi kama sahani ya mgeni. Walipoukata mngurumo waliondoka na uzi mnene wote, na Kutu akabaki anapiga gitaa juu ya hewa tupu.

Waliirusha hewani Ijumaa. Jumamosi asubuhi Kutu alikuja studio, akaichomoa diski yetu, ile yenye nyimbo zenyewe, akaigonga kwenye ngazi ya saruji mpaka ikapasuka. Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Wewe ulikuwa unasikia, Diploma." Kisha akaenda zake. Nilimsihi Diretor asiite polisi, naye akakubali, kwa sharti kwamba jina la Kutu lisitajwe tena redioni.

Mwaka uliofuata mkataba wangu wa redio uliisha nikapata kazi Afungi, chini ya Chefe wa Umeme, mkuu wa mafundi wa kambi, kutunza vipaza sauti vya matangazo ya usalama. Chefe alikuwa mtu wa maneno machache aliyeniamini upesi, na hakukosea. Siku moja nilipita nyuma ya jiko nikawasikia waosha sufuria wakicheza wimbo wa Kutu kwenye simu, umerekodiwa uwanjani, mngurumo wote umo. Nikawauliza yuko wapi siku hizi. Wakaizima simu. Kifua kilikuwa kimemchukua, wakasema, na amezikwa Olumbi.

Hapo ndipo nilipoianza kazi ninayojivunia kuliko zote. Diski haikuwepo tena, lakini watu walimrekodi Kutu kwa simu zao, kila mmoja kipande chake. Nikaamua kuvikusanya. Shida ni kwamba memori kadi ya mtu ina picha za harusi yake na sauti ya marehemu wake, wala mwenyewe hampi mtu hivihivi. Basi nikafanya kama walivyofanya wazee wetu, nikaweka rehani. Aliyeniazima kadi, nilimwachia kitu changu. Saa ilibaki Palma, pasi ya mkaa ikabaki kwa kinyozi, redio ya kwangu mwenyewe kwa muuza samaki. Mke wangu aliniuliza yeye naye atabaki kwa nani.

Na mngurumo uliochukiwa ndio ulionisaidia. Simu mbalimbali zilizorekodi usiku mmoja zilisikia jenereta ileile, ikipanda na kushuka. Nililinganisha mngurumo na mngurumo, vipande vikakaa mahali pake kama mifupa iliyoungwa. Waliousafisha kule Pemba wasingeweza kufanya hivyo. Mimi niliweza.

Lakini wimbo wa mwisho haukuwa kwa mtu yeyote. Waosha sufuria walisema aliurekodi mwenyewe nyumbani kwa mama yake, na simu yake anayo mama. Nikapanda baiskeli mpaka Olumbi. Mama huyo, Bi Fátima, alinitolea simu iliyofunikwa leso, betri imevimba, haiwaki tangu mazishi. Nikamwambia kuifungua ni hatari, inaweza kufa moja kwa moja. Nikamwekea saa mpya niliyonunua.

"Saa ninayo, ipo msikitini inaadhini," akasema. "Mwanangu alisema una karatasi unayoipenda kuliko watu. Niletee hiyo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake nikampelekea diploma na fremu yake. Akakigusa kioo kwa kidole.

"Ukimpoteza mwanangu mara ya pili," akasema, "hii nitawashia moto wa uji."

Nimefungua mashine nyingi maishani, lakini simu ile niliifungulia juu ya shuka jeupe, nisipoteze hata skrubu moja. Niliitoa betri, nikasafisha kutu ya chumvi kwa spiriti, nikaitia umeme wa kuazima kutoka kwa simu nyingine. Ikawaka. Wimbo ulikuwemo. Gitaa halikuwa na spika wala jenereta, lakini nyuma ya ukuta mashine ya kusaga mahindi ya jirani ilikuwa inanguruma, na uzi mnene ulikuwa umelingana nayo.

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza ni kazi gani niliyoifanya. Ninawapigia nyimbo hizo. Kazi ilipokwisha nilimrudishia kila mtu kadi yake pamoja na nakala ya nyimbo zote, nikachukua vitu vyangu. Kinyozi alikuwa ameizoea pasi, tukabishana kidogo. Wa mwisho alikuwa Bi Fátima. Nikampigia wimbo mlangoni pake. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na mashine ilipoanza kunguruma ndani ya simu, jirani naye aliwasha ya kweli, zote mbili zikalia pamoja. Alinyoosha mkono akaushika ukuta mpaka wimbo ulipokwisha.

"Alipokuwa mchanga ndivyo alivyokuwa analala," akasema. "Mashine ikizimwa, analia."

Aliingia ndani akatoka na fremu. Ilikuwa imefungwa ndani ya shati la kazi la Anli, lile la Afungi, lenye mstari unaong'aa. Nikataka kulifungua nimwachie shati lake.

"Liache hivyo. Njia ina mashimo, kioo kisipasuke."

"Nitalirudisha, mama."

"Najua."

Nilifika nyumbani Mute na saa mkononi, pasi kwenye karia, redio shingoni, na diploma ndani ya shati la Kutu. Watu wa barazani pale kijijini waliniuliza nahamia wapi. Diploma nikaitundika ukutani. Shati mke wangu akalifua kwa mkono, likakauka kabla ya magharibi, na asubuhi nikalirudisha Olumbi. Bi Fátima alilipokea, akalikunja, akanikaribisha uji. Siku hiyo sikudaiwa tena na mtu.