Shubiri Niliyokunywa kwa Siri

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Likombe, huku pwani ya kusini, niliungua mkono nikichoma korosho uani. Mimi mtu wa bara, sikujua kwamba ganda la korosho likipata moto hutema mafuta makali. Kiganja kilibabuka palepale.

Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kimakonde mwenye shamba la mikorosho nje ya mji, alisikia nikilia, akaja na majani ya shubiri mwitu. Aliyakata, akayaegemeza ukutani mpaka utomvu wa njano ukachuruzika, ndipo akayapasua na kunipaka ute wa ndani, wa baridi.

"Hiyo njano ni kali, mwalimu. Inakata tumbo," alisema.

Niliitikia tu, akili yangu ilikuwa kwenye maumivu. Kila siku alikuja kunipaka, na mkono ukaanza kupoa.

Nisichomwambia ni kwamba nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mbili za nyuma zilitoka, zote baada ya kuwatangazia watu, kwa hiyo safari hii tulijua mimi na mume wangu peke yetu. Hata kliniki nilikuwa sijaanza, nikihofia wazazi wa wanafunzi wangu wanione kwenye benchi la wajawazito. Na choo kilikuwa kimenifunga karibu wiki nzima. Jumamosi moja alfajiri, mume wangu alipokwenda kazini bandarini, nilikumbuka bibi yangu alivyokuwa akitunywesha shubiri utotoni. Jani moja bichi lilikuwa limebaki jikoni. Nikalikamua lote, na njano yake, nikachanganya na maji, nikanywa nimeziba pua.

Mchana tumbo likaanza kuninyonga. Niliharisha mara tatu mfululizo. Mara ya nne nikaona damu, tone dogo tu, lakini damu ile nilikuwa naijua.

Nilimwita jirani kupitia dirishani. Akaja mbio, mikono ina unga wa muhogo.

"Mama, nimekunywa ile shubiri."

"Umekunywa? Si nilikupa ya mkono?"

"Nina mimba, mama."

Akanifunga kanga yake kiunoni, akaenda barabarani kusimamisha bajaji.

Hospitalini muuguzi aliniuliza nimekula nini. "Wali tu," nikasema. Jirani yangu akanigeukia.

"Mwambie, mwanangu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nikasema. Muuguzi hakunifokea. Alieleza kwamba utomvu ule huchokoza utumbo, na mjamzito hatakiwi kuunywa kwa sababu unaweza kushtua hata mji wa mimba. Daktari akanipima kwa mashine, akikikodolea macho kioo ambacho mimi sikukiona.

"Daktari, mbona husemi?"

Akakigeuza kioo. Kitu kidogo kilikuwa kikidunda, haraka haraka. "Moyo upo," alisema. "Ila siwezi kukuahidi chochote. Tutakulaza."

Nilirudi nyumbani baada ya siku mbili, damu imekata, hofu haijakata. Kila nilipoingia chooni nilikagua nguo. Kila asubuhi jirani alinisalimia kupitia dirishani, "Umeamkaje?", na hakuondoka mpaka nimjibu kwamba ni salama. Ilikuwa hivyo mpaka nikajifungua, mtoto wa kike, mzima.

Kama ni shubiri iliyoleta damu ile, au ingekuja tu, sijui. Muuguzi naye alisema hajui.

Siku ya arobaini ya mtoto, tukiwa wawili chumbani, jirani alimpakata akaniambia kwamba miezi ile yote hakuwa akilala vizuri. "Mimba ingetoka, wangesema nani alikupa dawa? Mimi. Mtaa mzima wanajua nilikuletea majani."

Mimi nilikuwa nimejiogopea mwenyewe na mtoto wangu. Yeye sikumfikiria hata mara moja. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, lakini aliendelea kumtazama mtoto, si mimi.