Muhuri wa Rangi ya Kucha

Mwanamume anayefunga chumba kwa ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe, mimi simwamini. Nililelewa Mombasa na shangazi aliyekuwa akinusa vikombe baada ya wageni kuondoka, na tabia yake nimeirithi yote. Kwa hiyo nilipofika Riyadh kufanya kazi za ndani, madam akanionyesha jiko, vyoo na vyumba sita, kisha akaupita mlango wa saba bila kuutaja, nilijiambia papo hapo kwamba humo ndimo mna mambo.

Baba mwenye nyumba alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkubwa fulani ofisini, mpole, tumbo limemtangulia. Akirudi kazini alikula, akaswali, akaingia chumbani humo na kujifungia. Baada ya muda mfupi kulitoka mlio wa kukwaruza na kupiga kelele kwa dakika tano nzima, kisha kimya, kisha kimuziki chembamba. Wiki ya kwanza nilidhani anasikiliza simu za watu. Wiki ya tatu niliamua ni sihiri, nikawa nikiupita mlango huo na ndoo yangu nasoma Ayatul Kursiy.

Halafu siku moja, nikitoa vitu vya soko garini, nikakuta chupa nne za dawa ya saluni, ile ya kugeuza nywele ziwe za dhahabu. Nywele za madam ni nyeusi ti. Za mama yake madam, aliyekaa nasi, zina hina. Nikajua tena bila shaka: kuna mke wa pili mahali, na nywele zake ni za dhahabu. Nilimhurumia madam siku mbili, kila nikipakua nikamwekea minofu mizuri.

Siku ya tatu nilipanda juu ya paa kuanika shuka, nikamkuta baba amechuchumaa juani na glavu mikononi, anapaka ile dawa kwenye ganda la plastiki la kibodi nene ya zamani. Alipomaliza akalizungushia nailoni ya jikoni, akaliweka palipokuwa na jua kali zaidi. Aliponiona alishtuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Imekuwa manjano kwa uzee," akaniambia. "Dawa hii na jua, inarudi nyeupe. Kama ilivyotoka dukani."

Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nikimtazama, maana jioni hiyo aliufungua mlango wa saba na kuniita. Ndani mlikuwa na kompyuta kumi na moja, zote za wakati ule ambapo kompyuta ilikuwa kibodi tu unayoichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Programu zake zilikaa kwenye kaseti, na ule mlio ulionitia hofu ulikuwa kaseti ikisomwa. Moja aliishika kwa mikono miwili. Marehemu baba yake alimnunulia hiyo alipokuwa na miaka tisa, katika duka moja la Al-Baghdadiyah, Jeddah, walikokuwa wakiishi. Ilikuwa na herufi za Kiarabu, na kitu cha kwanza alichoandika humo kilikuwa jina la baba yake. Akaiwasha, akaliandika tena mbele yangu, akakaa kulitazama. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine niliiweka akiba.

Tangu hapo kazi ya kufuta vumbi humo ikawa yangu, kila Alhamisi, kwa brashi laini. Maji mafi, dawa mafi, alisema, yaani hakuna maji, hakuna dawa, na akarudia.

Ijumaa baada ya alasiri walikuja marafiki zake wanne, wazee wenye ndevu za mvi, wakavua viatu wakakaa chini kwenye zulia. Nikipeleka chai nilikuta wanagombania zamu ya kucheza, wanasukumana mabega, wanacheka hadi machozi. Lakini ukizungumzwa uuzaji au ubadilishanaji, kicheko kilikatika. Kila mmoja alitoa kitochi chake, akaigeuza mashine ya mwenzake juu chini, akachungulia matundu yake kwa jicho moja. Hapo niliwapenda. Nikaona nimepata watu wa kabila langu.

Mwaka wangu wa tatu, ile mashine ya marehemu ikawa bubu. Picha ilikuja, sauti haikuja. Baba akaipeleka Jeddah kwa fundi aliyesifiwa na wapenzi wote wa mashine hizo, wa Jeddah na wa Riyadh. Alikuwa mtu wa Unguja, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ana duka la simu Al-Hindawiyah, naye alipewa kona ya nyuma yenye meza na taa. Madam aliponieleza kuwa fundi ni Mswahili mwenzangu alidhani nitafurahi. Nikamwambia, "Madam, mtu anayesifiwa na kila mtu, mwambie baba awe macho." Sikuwa nimemwona huyo mtu hata siku moja. Maneno yale niliyasema nikikatakata vitunguu, bila sababu yoyote ila ulimi.

Boksi lilirudi Jumanne, baba yuko safarini Dammam. Madam akasema vitu vya Jeddah vinakuja na unyevu na uchafu wa magari, nilifungue boksi, niisafishe mashine, niiweke mahali pake kabla bosi hajarudi. Nikalifungua. Mashine ilikuwa safi, lakini chini yake, kwenye skrubu nne za pembeni, palikuwa na matone mekundu ya rangi ya kucha. Nikacheka peke yangu. Huyu ndiye fundi anayesifiwa, anafanya kazi penye vipodozi vya wanawake! Brashi haikuyatoa. Nikachukua pamba na ile dawa ya madam ya kutolea rangi ya kucha, nikayafuta moja moja kwa uangalifu mkubwa, nikiwa najiona mjanja. Katazo la dawa nililikumbuka. Nikajiambia kwamba hilo ni la vumbi, na hili si vumbi.

Baba alirudi Jumatano. Aliipindua mashine kabla hata hajavua kitambaa kichwani. Nikamsikia akiongea kwa simu na rafiki yake mmoja, sauti imepanda: "Muhuri mafi! Wallahi, muhuri mafi!"

Madam ndiye aliyekuja kunieleza jikoni, mkono kiunoni. Ndani ya mashine zile mna chipu ya sauti ambayo haitengenezwi tena popote duniani. Wako watu huifungua mashine, wakaitoa ile chipu, wakaweka ya kuigiza yenye maandishi yaleyale juu yake, na mwenye mali hajui. Kwa hiyo wapenzi wa mashine wana desturi yao: fundi akimaliza kufunga, hudondosha rangi ya kucha juu ya skrubu, nusu ipate skrubu, nusu ipate plastiki, akapiga picha akamtumia mwenye mali. Rangi ikiwa imevunjika au haipo, mashine imefunguliwa. Fundi alikuwa ametuma picha ya matone manne. Na sasa hapakuwa na hata moja, kwa hiyo baba aliamini fundi aliifungua tena baada ya kupiga picha, akaiiba chipu.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya wali, nikaiweka chini polepole. Madam akasema, "Ulituambia. Wewe una akili, ulituambia mapema."

Nikanyamaza. Sitajipamba hapa: nilinyamaza kwa sababu likizo yangu ilikuwa imebaki majuma matatu, watoto wangu sijawaona miaka mitatu, na nilijua mfanyakazi aliyeharibu kitu cha marehemu haandikiwi ruhusa ya kusafiri kwa furaha. Nilijipa siku mbili nitafute maneno. Siku mbili zikawa tano. Na katika siku hizo nilifanya jambo baya kuliko kunyamaza. Nilianza kumshuku fundi kwa dhati. Nilijiambia pengine kweli alibadilisha ile chipu kwanza, kisha akatia rangi juu. Nani alimwona? Nilimhitaji awe mwizi, na shangazi aliyenilea alikuwa amenifundisha vizuri.

Baba hakuifungua mashine. Alitaka ibaki ilivyo, iwe ushahidi. Aliandika habari kwenye kikundi chao cha simu, na fundi alipopiga kujieleza baba akamfungia namba. Ijumaa ya pili nilipeleka chai nikakuta hakuna anayecheza. Mmoja wao akasema, "Halas, imekwisha. Mashine zetu zote tumezichukua kwake. Kafili wake amemfungulia huruji, Alhamisi anapanda ndege."

Huruji ni kuondoka moja kwa moja. Ikama, kile kibali cha kukaa, inakufa, mtu anarudi kwao na begi lake. Niliangalia vikombe vile vitano, nikajiona nikiwa mbele ya watoto wangu na zawadi za Saudia mkononi, na mtu mwingine anarudi kwa watoto wake kwa jina la mwizi kwa ajili ya pamba yangu. Wageni walipoondoka nikasimama mlangoni.

"Baba, ile rangi niliitoa mimi. Nilidhani ni uchafu."

Nilikuwa tayari kwa hasira. Kilichokuja sicho nilichokitarajia.

"Fundi ni ndugu yako?"

"Hapana, baba."

"Mnazungumza lugha moja. Ametuma mtu akwambie useme hivi?"

Akaomba simu yangu. Nikampa. Akapekua majina, akapekua ujumbe, madam amesimama nyuma yake akisoma asichokielewa. Wewe uliyezoea kushuku watu, siku moja simama katikati ya zulia umeambiwa useme kweli na ukweli wako wote umekwisha kuusema. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Mwisho baba akasema atatukamata wote wawili kwa pamoja. Akamfungulia fundi namba, akapiga, akaweka sauti ya juu, akanikataza kwa kidole nisiongee. Alimuuliza kama anamjua mwanamke yeyote nyumbani kwake. Fundi akasema hamjui. Kiarabu chake kilikuwa cha taratibu, na nilisikia jinsi anavyojizuia asilie.

"Siku zote hizi nakupigia nikwambie jambo moja tu," akasema. "Mashine ina skrubu tano. Ya tano iko chini ya mguu wa mpira wa nyuma, kushoto. Hiyo nayo natia rangi, na picha yake simtumii mtu. Bandua mpira utazame."

"Kwa nini hukuituma picha yake?"

"Kwa sababu na mimi siwaamini nyinyi, bosi. Wako wenye mali wanaojiibia wenyewe wapate kumdai fundi."

Baba akabandua mpira kwa ukucha. Tone lilikuwepo, jekundu, zima, limekamata skrubu na plastiki. Akakaa chini kwenye zulia. Akainua simu, akaomba radhi.

Jumamosi alitupeleka sote Jeddah kwa mama yake, na asubuhi ya pili yeye mwenyewe akaenda kwa kafili. Ile huruji ilifutwa. Aliandika kwenye kikundi kwamba yeye ndiye aliyekosea, hakunitaja, wala likizo yangu hakuigusa. Lakini alisema kuna kitu kimoja lazima nikifanye kwa mdomo wangu, akanichukua mimi na madam hadi Al-Hindawiyah.

Fundi alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwambia kila kitu, na yale niliyosema nikikata vitunguu pia. Alisikiliza huku akipanga bisibisi zake.

"Siku ngapi ulijua, dada?"

"Tisa, kaka. Nisamehe."

"Mimi nishakusamehe. Nimebaki, alhamdulillahi." Akaacha zile bisibisi. "Lakini boksi lile mimi sikulipeleka kwa watu wa mizigo. Alinipelekea mwenzangu wa chumba, mtu wa Tanga, karani pale bandarini. Miaka saba tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja. Nikajua nimeifunga mashine kwa mkono wangu, rangi haipo, nani tena aliyeishika? Nilimwita mwizi mbele ya watu. Akachukua godoro lake akatoka. Kwangu hapokei simu."

Akanisukumia karatasi yenye namba, akaniambia nipige kwa simu yangu.

Alipokea. Nyuma yake nilisikia makontena na ving'ora vya bandari. Nikajitambulisha, nikamweleza pole pole, nikarudia pale ambapo kelele zilinizidi. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho nikamwambia mwenzake yuko hapa mbele yangu, anasubiri, anataka kuzungumza naye.

"Mwambie nimesikia," akasema, na akakata.

Fundi alikuwa bado amenyoosha mkono kuipokea simu.