Walinzi wa Kabichi

Mama mkwe wangu hatii sumu bustanini mwake, na ukimtajia dawa ya dukani atakutazama kama mtu uliyemtukana. Vita vyake na wadudu huvipigana kwa vitu vya jikoni. Hutwanga pilipili kali na vitunguu saumu, akaviloweka hadi kesho yake, akachuja kwa kitambaa na kuongeza sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani. Hunyunyiza jua likishapoa, akianzia chini ya jani, maana huko ndiko wadudu hujificha. Viwavi huwaokota kwa mkono. Ila wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni hawagusi, kwa kuwa hula vidukari wanaofyonza kabichi zake. Huwaita walinzi.

Aliyemshinda ni mumewe. Baba mkwe huendesha basi la shule, na Mama alikwisha kumwona akipapasa kitasa cha mlango na kumimina chai nje ya kikombe. Kila alipomwomba akapimwe macho, mzee alikuja juu.

"Nilishika usukani wewe hujajua hata kupika," alimjibu, jambo ambalo ni uongo mtupu.

Mume wangu aliufyata. Mimi nilianza kumpeleka binti yetu shuleni kwa miguu, nikisingizia mazoezi. Lakini watoto wa wenzetu walizidi kupanda basi lile, na moyo haukunitulia.

Jumamosi moja Mama aliteguka mguu. Mzee akajitolea kukagua kabichi, akarudi kifua mbele na kopo la maji ya sabuni mkononi.

"Nimewamaliza wote," alisema. "Hakuna aliyebaki."

Nilichungulia. Ndani walielea walinzi watupu, nikajua leo hapakaliki.

Mama hakufoka. Alinituma jani la kabichi, nikamletea moja lililojaa vidukari, wengine wakinitambaa vidoleni. Alilishika mbele ya mumewe.

"Unaona nini hapa, mume wangu?"

Mzee alilisogeza karibu, akalipeleka mbali, akaligeuzia dirishani.

"Jani tu. Safi kabisa."

Nilimhurumia mpaka nikatamani kumdanganya. Mama akakishika kidole cha mumewe, akakipitisha taratibu juu ya jani. Vidukari walipondeka. Mzee alikisugua kidole kile kwa muda mrefu, kinamnata.

"Niliwaokota niliowaona," alisema.

"Najua."

Aliketi kando ya mkewe. Kisha akatoa funguo za basi mfukoni na kuninyooshea, ila mkono wake ulielekea pembeni kidogo ya nilikosimama.

"Mwanangu, mpelekee mwalimu mkuu. Atafute dereva mwingine."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Nilidhani amemaliza.

"Jana nilifunga breki mtoto akiwa karibu kabisa na bampa," alisema. "Nikamgombeza, nikamwambia amechomoka mbio. Akalia sana yule mtoto. Nadhani alikuwa amesimama tu."