Mwanafunzi Mpya Ndiye Aliyeniharibia Shingo

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa udereva, na yaliyonikuta juzi sijayaona hata kwenye sinema.

Nilikabidhiwa mwanafunzi mpya, mwanaume mtu mzima. Akafungua mlango, akakaa kwenye usukani.

"Habari za asubuhi, mwalimu."

Ile sauti! Nzito, kama mtu anaongelea ndani ya pipa. Nikageuka.

Nikisema nimegeuka, msinielewe vibaya. Shingo yangu haigeuki. Nikitaka kuona pembeni nageuka mwili mzima, kama kabati linahamishwa.

Nikaliona pengo la meno ya mbele. Roho ikaniruka.

Huyu ndiye aliyeniharibia shingo!

Ngoja niwarudishe nyuma. Mwaka juzi nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, peke yangu, nimetulia kama maji mtungini. Miaka nenda rudi nimenusurika mikononi mwa watu wasiojua klachi iko wapi, halafu nije kugongwa nimesimama!

Puu! Kwa nyuma. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi, shingo ikalia ka!

Nikashuka. Dereva wa nyuma naye akashuka, ana pengo mbele na sauti ile ya pipa.

"Mama, umeumia?"

Nikatupia jicho pikapu yake. Imejaa majeneza mapya, yanang'aa vanishi.

Sasa wewe ungejibuje?

"Mzima! Mzima kabisa!" Nikarukaruka kidogo aone mwenyewe. Kisha nikaingia garini, huyoo nikatokomea. Hata jina sikumuuliza.

Kesho yake shingo ikagoma. Si kulia, si kushoto. Daktari akanipima, akaguna, akasema ningekuja siku ileile pengine tungeongea mengine. Sasa nijifunze kuishi nayo.

Basi naishi nayo. Nyumbani nina mito mingi kuliko nyumba ya wageni, na hakuna hata mmoja unaonifaa. Soda nanywa kwa mrija. Chafya ikinijia, mume wangu anaacha anachofanya anakuja kunishika kichwa, kama fundi anayezuia bomba lisipasuke.

Kutikisa kichwa kukataa siwezi. Ndiyo maana siku hizi nipo kwenye kamati tatu za mtaa.

Majirani wanasema naringa. Mtu ananisalimia kutoka ubavuni, mimi napita kama nguzo. Wifi yangu alininunia muda mrefu kwa sababu hiyo. Nilipomweleza akasema, "Mbona huonekani mgonjwa?" Nikatamani nimwazime shingo yangu kwa wiki moja tu.

Sasa mbaya wangu huyu hapa, kaja kujifunza kuendesha. Maana yake nini? Alinigonga hana leseni! Damu ikanichemka.

Yeye hakunitambua. Siku ile nilikuwa na wigi. Siku hizi nimenyoa kipara, maana kusukwa ni kuinamisha shingo mpaka ulie.

"Washa gari!" nikamwambia, sauti kama ya askari.

Gari la mafunzo lina breki ya pili, upande wa mwalimu. Shetani akaninong'oneza: mwache aondoke kwa kasi, kisha ikanyage ghafla, naye aonje. Mguu ukanyanyuka wenyewe.

Ndipo nikakumbuka kwamba tumo gari moja. Shingo ya kwanza kukatika ni yangu.

Nikaurudisha mguu taratibu.

Lakini jamaa hakuondoa gari. Mikono imeganda usukanini, jasho linamtiririka.

"Vipi, klachi huijui?"

"Naijua, mwalimu. Leseni ninayo tangu ujana. Nilikuwa napeleka majeneza ya karakana ya kaka yangu, ila nimeacha. Nikishika usukani mwili unakufa ganzi. Nimekuja nianze upya."

"Ulipatwa na nini?"

Akafuta jasho. Kisha akasema, "Niliua mtu."

"Uliua nani?"

"Mama mmoja, kwenye taa. Breki zilinikatalia. Akashuka, akasema mzima, akarukaruka. Lakini mwalimu, kazi yangu naijua. Ni wangapi wameanguka, wakasema wazima, wakalala, na jeneza lao nikalipeleka mimi? Nikarudi pale kumtafuta. Muuza magazeti akaniambia yule mama alikuwa anapita kila siku, ila tangu ajali hajaonekana. Nikajua basi."

Sikuonekana kwa sababu nilikuwa kitandani natazama dari! Na niliporudi kazini nilibadili njia, maana nikiziona tu taa zile shingo inaanza kulia.

Hasira yote ikayeyuka. Kumbe muda wote huo nikijiona mgonjwa pekee wa ajali ile, mwenzangu alikuwa ananiomboleza!

"Huyo mama," nikamuuliza, "alikuwa na wigi jekundu?"

Akashtuka. "Umejuaje?"

"Lilikuwa na joto sana, kaka yangu. Nimelitupa."

Akanitazama kipara, akanitazama macho, akanitazama nilivyogeuka mwili mzima. Kisha akaangua kilio, huku anacheka, paji la uso juu ya usukani. Honi ikalia mfululizo. Karani wetu akatoka ofisini mbio, akidhani tumebomoa ukuta.

"Na shingo je, dada?" akauliza alipopata pumzi.

"Mbovu. Lakini kichwa bado inakibeba."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila ungegonga ukiwa umebeba hata makochi, ningekubali twende hospitali."

Siku hiyo gari halikusogea. Tulikaa tu tukazungumza. Tulianza siku zilizofuata, pole pole, mpaka tukafika makutano makubwa. Yeye anatetemeka, mimi pembeni sioni. Akachungulia huku, akachungulia kule, akarudia tena.

"Pande zote kweupe, mwalimu."

Nikamwamini. Tukavuka.

Msidhani nimepona. Haya nayaandika nimelala chali, simu juu ya uso, na imeshaniangukia puani.

Ninachowaomba ni kimoja: ukiumia, sema umeumia. Mimi nilijikaza kisabuni nikadhani najisitiri mwenyewe. Kumbe "mzima" wangu wa uongo ulilaza watu wawili, mmoja shingo, mwingine moyo.